Mashine Ambayo Haijaiva

Mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili huulizwa swali moja tangu siku anayojisajili hadi siku anayovalishwa joho: lugha hiyo itakufaa nini? Wanaouliza aghalabu ni jamaa na majirani, na wengi wao huliuliza kwa Kiswahili. Makala haya hayakusudii kulijibu swali hilo kinadharia, maadamu nadharia zimo tele katika tasnifu zetu na hazikumsaidia mjomba wangu kwa lolote. Ninakusudia kueleza habari za chombo kimoja cha maabara, namna kinavyouliwa viini kwa joto, na namna ukosefu wa neno moja ulivyokaribia kumwachisha mtu kazi. Msomaji ambaye hana haja na maabara anivumilie. Tutapita jikoni kabla hatujafika mwisho.

Chombo chenyewe kina majina mawili katika Kiswahili. Wapo wanaokiita kiangulio na wapo wanaokiita kiatamizi. Mimi nimelichagua la pili. Kuangua ni tukio la siku moja, ilhali kuatamia ni kazi ya mchana na usiku, na hiyo ndiyo kazi ya chombo hiki. Kwa umbo ni kabati la chuma kisichoshika kutu, lenye ukubwa wa jokofu dogo na mlango wa ndani wa kioo. Joto lake huwekwa kwenye nyuzi 37 za Selisiasi, sawa na joto la mwili wa binadamu. Hewa yake huchanganywa na gesi ya kaboni dayoksaidi hadi ifikie asilimia 5, si kwa ajili ya kuvutwa, bali ili kiowevu kinachozilisha seli kisipoteze uwiano wake wa asidi. Chini huwekwa sinia ya maji ili unyevu ukaribie asilimia 95. Humo ndani, katika visahani vya plastiki, seli zilizotolewa katika mwili wa mtu au wa mnyama huendelea kuishi na kugawanyika kana kwamba hazijapata habari kwamba zimehamishwa. Viatamizi vya siku hizi hujiendesha vyenyewe: hupima joto, huongeza gesi, hupiga king'ora na kuandika kumbukumbu za kila walichofanya wanaovitumia. Vipo hata vyenye mkono wa roboti unaopanga visahani rafuni pasipo mtu kufungua mlango.

Kuku aatamiaye haulizi mayai ni ya nani. Ukimwekea ya bata atayaangua. Kiatamizi nacho hakichagui. Joto lile lile, unyevu ule ule na lishe ile ile inayozifaa seli huwafaa pia bakteria na kuvu, yaani ule ukungu tunaouona juu ya mkate uliolala. Tena hao wageni wana kasi. Seli ya mamalia inayolelewa maabarani huhitaji kama siku nzima kugawanyika mara moja, ilhali wapo bakteria wanaogawanyika kila baada ya nusu saa au chini ya hapo. Mbegu moja ya kuvu iliyoingia na mkono wa koti jeupe yatosha kuharibu kazi ya miezi. Yupo na mgeni mwingine, mikoplazma, ambaye ni mdogo kiasi cha kupenya katika vichujio vinavyowazuia bakteria wengine. Yeye hakitii kiowevu ukungu wala harufu, hivi kwamba mtafiti anaweza kukaa naye kwa muda mrefu bila kumshuku.

Kupangusa hakutoshi. Alkoholi ya asilimia 70, ambayo ndiyo chupa utakayoikuta katika kila maabara, huwaua bakteria wengi walio macho, lakini haiziwezi spora. Spora ni ile hali ambayo baadhi ya bakteria hujifungia ndani ya ganda gumu nyakati za dhiki, wakalala humo hata kwa miaka wakingoja neema irudi. Ndiyo sababu watengenezaji wa viatamizi wakaja na njia ya kukigeuza chombo chenyewe kuwa tanuri. Mtu hutoa kila kitu kilichomo, humwaga maji ya sinia, hupangusa, kisha hubonyeza kitufe na kwenda zake. Mashine hujipandisha joto hadi nyuzi 180 katika miundo mingi, hukaa hapo kwa muda uliowekwa, kisha hujipoza polepole. Shughuli yote huchukua usiku mzima, karibu saa 12. Miundo mingine hutumia nyuzi 90 pamoja na unyevu, kwa muda mrefu zaidi, hasa pale ambapo mota na mikanda iliyomo ndani haistahimili moto mkali.

Asije mtu akadhani kwamba mambo haya ni ya ng'ambo. Ukipanda matatu katikati ya jiji la Nairobi, ukapita Westlands, Kangemi na Uthiru hata ukaelekea Kikuyu, umepita katika ukanda ambao kulea seli ni kazi ya miongo mingi. Huko Muguga, kuanzia miaka ya 1950, Walter Plowright na wenzake walikuza virusi vya sotoka ndani ya seli za figo za ndama, wakavihamisha kutoka chupa hadi chupa mara kadhaa hadi vikapoteza ukali, wakapata chanjo. Sotoka ni ugonjwa ambao katika miaka ya 1890 ulifyeka ng'ombe wa Afrika Mashariki na kuwaacha wafugaji katika njaa. Plowright alitunukiwa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka wa 1999, na mwaka wa 2011 ulimwengu ulitangaziwa kwamba sotoka imetokomezwa. Upande wa Kabete nako, taasisi ya utafiti wa magonjwa ya mifugo iliyoanzishwa mwaka wa 1973, ambayo tangu muungano wa mwaka wa 1994 ni sehemu ya Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, ilijenga jina lake kwa kulea seli zenye vimelea vya ndigana. Nyuma ya kila chupa ya aina hiyo kulikuwa na mtu wa kuosha vioo, kumwaga maji na kuwasha tanuri. Majina ya watu hao hayamo katika tuzo, na sidai kwamba yangepaswa kuwamo. Ninachouliza ni kama walisemeshwa kwa lugha waliyoielewa.

Mjomba wangu ni mmoja wa watu wa kazi hiyo. Maabara anayofanyia kazi si mojawapo ya hizo nilizozitaja. Ni ya watu binafsi, ipo upande wa magharibi wa jiji, na jina lake sitalitaja. Kwa miaka 11 amekuwa mhudumu wa hapo: anaosha, anapanga, anabeba mitungi ya gesi, na kila mwisho wa mwezi anakichoma kiatamizi. Kuchoma ndilo neno lake. Hakusomea sayansi. Alifundishwa kwa kuonyeshwa na mtangulizi wake, naye mtangulizi alionyeshwa na mtaalamu aliyekuja kuifunga mashine. Maagizo yaliyoandikwa yalikuwapo, kurasa 90 za Kiingereza ndani ya bahasha ya plastiki, na hakuna aliyewahi kumwambia ayasome.

Ijumaa ya tarehe 25 Agosti 2023 aliiwasha jioni, akaondoka. Msomaji anaikumbuka Ijumaa hiyo. Usiku huo umeme ulikatika karibu nchi nzima, na hata uwanja mkuu wa ndege ulikaa gizani. Jenereta ya maabara ilinguruma ikaokoa majokofu. Kiatamizi, kwa kuwa kilikuwa kitupu, hakikuunganishwa nayo. Umeme uliporudi Jumamosi, mashine ilifanya ilivyoelekezwa na waliyoiunda: ilirejea kwenye nyuzi zake 37, ikawasha taa ya tahadhari na kuandika kwenye kioo, kwa Kiingereza, kwamba zoezi halikukamilika. Jumatatu asubuhi fundi mmoja alifika mapema, akasikia king'ora, akabonyeza kukinyamazisha. Ujumbe ukatoweka. Mjomba alipofika alikuta nyuzi 37 na taa ya kijani. Akarudisha rafu, akajaza sinia, na watafiti wakarudisha seli zao.

Kufikia Alhamisi visahani vilikuwa na nyuzinyuzi nyeupe.

Barua ya onyo ilimtaka ajieleze kwa maandishi katika muda wa siku saba. Ilidai kwamba hakukisafisha kiatamizi inavyotakiwa. Jumamosi iliyofuata niliabiri matatu ya Kangemi nikamkuta ameketi nje ya nyumba, nakala ya zile kurasa 90 ikiwa magotini. Alikuwa amelipa mwenyewe gharama ya kuzitoa.

"Nisomee, mama," akaniambia, "uniambie kama kuna mahali nilikosea."

Kwetu mjomba humwita mpwa wake wa kike mama, na neno hilo lilinielemea zaidi siku ile. Tukasoma. Nilikuwa ninatafsiri papo kwa papo, sentensi baada ya sentensi, naye akiitikia kwa kichwa: sinia, ndiyo, kichujio cha hewa kitolewe, ndiyo, mlango ufungwe hadi usikie mlio, ndiyo. Hapakuwa na hatua aliyoiruka. Tulipofika sura inayohusu kukatika kwa umeme ndipo mambo yalipojitokeza. Kitabu kilisema kwamba umeme ukikatika wakati wa zoezi, zoezi lote hubatilika na sharti lianzwe upya, na kwamba mashine huhifadhi katika kumbukumbu zake saa na dakika ya tukio hilo.

Hapo ndipo kazi ya lugha ilipoanza kwa kweli. Nilijaribu kumweleza. Nikasema, "Mashine haikusafishika." Akajibu kwamba aliisafisha kwa mikono yake, na alikuwa na haki. Nikasema, "Haikutakasika." Akacheka, akaniuliza kama nimemletea habari za kanisa. Nikajaribu kutasisha, kitenzi kinachotokana na tasa, ambacho baadhi ya wataalamu wa istilahi wanakitumia. Akanyamaza. Wapo katika ukoo wetu wanawake walioitwa hivyo, nami ninawajua. Si neno la kuliachilia uani Jumamosi jioni watu wakipita. Isitoshe, mashine ambayo kazi yake ni kuatamia, ukiambiwa itasishwe, utasita hata kama huna ukoo. Nikarudi kwenye maelezo marefu: joto lilipanda, lakini halikukaa juu kwa muda unaotakiwa, kwa hiyo baadhi ya viini walibaki.

"Basi haikuiva," akasema.

Nililinyamazia neno hilo kwa muda. Nimesoma maandishi mengi kuhusu uundaji wa istilahi, na sikumbuki mahali ambapo kuiva kumetajwa. Hata hivyo, tulitafakari uzito wake. Kinachoiva kinataka joto na kinataka muda, na kimoja hakiwezi kusimama mahali pa kingine. Moto mkubwa wa dakika tano hauivishi maharagwe. Kilichoondolewa jikoni mapema hakikupungukiwa na usafi wala nia njema ya mpishi. Kimepungukiwa na muda. Kwa macho ya nje kinaweza kufanana na kilichoiva, hasa kwa mtu asiyepika. Tena mwenye kukiepua akaenda zake si lazima awe ndiye aliyekipika. Kuiva hakuishii kwenye chakula pia: tofali bichi huingia tanurini na huiva, jipu huiva, shauri huiva. Ni neno ambalo kila Mswahili, na kila asiye Mswahili anayekula, anajua kulitumia bila kufundishwa, na linabeba ndani yake fizikia ambayo kusafisha na kutakasa hazina. Kusafisha ni tendo la mtu. Kuiva ni hali ya kitu. Barua ya onyo ilimshtaki mtu kwa tendo, ilhali kilichotokea ni kwamba kitu hakikufikia hali.

Sayansi yenyewe imejengwa juu ya uhusiano huo wa joto na muda. Tanuri la hewa kavu huhitaji kama saa 2 kwenye nyuzi 160, saa 1 kwenye nyuzi 170, na nusu saa kwenye nyuzi 180. Mvuke wenye shinikizo unatosheka na dakika 15 kwenye nyuzi 121. Tofauti hii hushangaza watu, nayo ilimshangaza mjomba hata alipofikiria mkono wake. Mwokaji huingiza mkono katika tanuri la mkate akautoa salama. Lakini funua sufuria inayochemka na mvuke utakubabua kabla hujarudi nyuma. Maji hubeba joto na kulitua juu ya kitu kwa namna ambayo hewa kavu haiwezi. Mwaka wa 1881 Robert Koch na wenzake nchini Ujerumani walionyesha kwamba hewa kavu ni dhaifu mno mbele ya spora ikilinganishwa na mvuke, na miaka miwili kabla yao Charles Chamberland wa Ufaransa alikuwa ameunda chungu cha mvuke ambacho maabara zetu zinakiita otoklevu. Koch huyo ndiye aliyekuja baadaye katika visiwa vya Ssese, kwenye Ziwa Viktoria, mnamo 1906 na 1907, kuchunguza malale. Sijui alizungumza vipi na waliomwoshea vyombo.

Tuliandika majibu pamoja usiku ule, kwa Kiswahili. Mjomba alisitasita akidhani yatapuuzwa. Nikamkumbusha kwamba kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka wa 2010 kinakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na kwamba hakuna sheria inayomtaka mtu ajitetee kwa lugha inayomkwaza. Majibu yalikuwa ukurasa mmoja. Yaliorodhesha hatua alizozifanya, yakataja kukatika kwa umeme, yakaomba kumbukumbu za mashine za usiku wa tarehe 25 zisomwe mbele yake, na yakamalizia kwa sentensi ambayo hakukubali niibadilishe: mashine haikuwa imeiva wakati umeme ulipokatika, na aliyenyamazisha king'ora hakunijulisha.

Kumbukumbu zilisomwa. Zilionyesha kwamba joto lilifika nyuzi 180 na kwamba muda wa kukaa hapo haukukamilika. Barua ya onyo iliondolewa katika faili yake. Hakuna aliyeomba radhi, na fundi yule bado ni fundi. Sina ugomvi naye, kwani king'ora kikilia Jumatatu asubuhi kila mtu hukimbilia kitufe. Matokeo mengine yalikuwa kwamba msimamizi wa maabara, mwanasayansi mwenye haraka na asiyependa maneno mengi, aliniomba kupitia kwa mjomba niandike maagizo ya Kiswahili ya ukurasa mmoja, yabandikwe kwenye mlango wa mashine. Alinilipa, tena kwa wakati. Nalitaja hili kwa ajili ya wenzangu wanaouliza kama tafsiri inalipa.

Kuandika ukurasa huo kulinichukua wiki tatu, muda mrefu kuliko sura ya pili ya tasnifu yangu. Msimamizi alitaka neno la kitaalamu juu kabisa, na hoja yake ilikuwa na mashiko: mkaguzi akija, lazima aone kwamba tunazungumzia kitu kile kile anachokifahamu. Kwa hiyo kichwa kikawa Utasishaji wa Kiatamizi kwa Joto Kavu. Katika hatua zenyewe, hata hivyo, tumeandika kuua viini, kuiva na kupoa. Hatua ya sita inasema: "Usifungue mlango kabla mashine haijaiva na kupoa." Ya saba inasema: "Umeme ukikatika kabla haijaiva, anza upya, hata kama imebaki dakika moja." Ya nane: "Usinyamazishe king'ora kabla hujaandika saa na maneno yaliyo kwenye kioo." Chini yake pana mistari mitupu na kalamu iliyofungwa kwa uzi.

Nilipousoma ukurasa huu katika kikao chetu cha wanafunzi wa uzamili, ubishi ulizuka. Mwenzangu mmoja, ambaye ninamheshimu kwa ukali wake, alisema kuiva ni neno la jikoni na kwamba lugha ikitaka kuheshimiwa na sayansi haina budi kuvaa viatu. Mwingine alihofia kwamba tunairudisha lugha nyuma ilhali kamusi za istilahi zipo, kama ile kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia iliyotolewa na TUKI huko Dar es Salaam mwaka wa 1990. Sikubaliani nao, ingawa sibezi. Kamusi ile ni kazi ya thamani na mtu anayeandika kitabu cha kidato hana budi kuanzia hapo. Lakini istilahi huandikiwa nani? Tumefanya mitihani kwa kuandika tarakilishi, na tukipanda Barabara ya Luthuli kununua chaja tunasema kompyuta, wala muuzaji hapungukiwi. Neno lililoundwa likakosa mtu wa kulitumia mkononi hubaki kama nguo ya dukani yenye bei shingoni. Kuiva lina watumiaji tayari. Kilichokosekana ni mtu wa kulifungulia mlango wa maabara, na nadhani hiyo ni kazi halali ya mwanafunzi wa fasihi, ambaye siku zote anafundishwa kuuliza neno hili linabeba nini.

Pingamizi iliyonisumbua kweli ilitoka kwa msimamizi mwenyewe. Aliuliza: je, mtu hatadhani kwamba mashine huiva kwa kuangaliwa, kama wali? Mpishi hufunua akaonja. Mashine ya nyuzi 180 haifunuliwi wala haionjwi. Hapo nilikubali kwamba neno peke yake halitoshi, ndipo tukaongeza mstari unaosema kwamba kuiva kwa mashine hujulikana kwa kumbukumbu zake tu, zisomwe na kutiwa sahihi kabla rafu hazijarudishwa. Sahihi ni mbili, ya mhudumu na ya mtafiti. Mjomba aliupenda mstari huo kuliko yote.

Sasa tumeanza ukurasa wa otoklevu, na huo una miba. Nairobi iko kiasi cha meta 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi, na maji huchemka kwenye nyuzi 94 au 95, si 100 kama Mombasa. Geji ya otoklevu hupima shinikizo lililozidi la hewa ya nje. Mtu akiifuata namba iliyoandikwa kwa ajili ya pwani, sindano ikafika palepale panapotakiwa, mvuke wa ndani utakuwa na nyuzi kama 118 badala ya 121, na dakika 15 hazitatosha. Mhudumu sharti aambiwe aamini kipimajoto, si geji, na aambiwe kwa nini, la sivyo atarudia mazoea siku kipimajoto kitakapoharibika. Nimejaribu kueleza jambo hilo kwa sentensi tatu na zote ni nzito. Mjomba anataka ukurasa uanze na githeri: kwamba mahindi na maharagwe yale yale huiva upesi Mombasa kuliko Kangemi, moto ukiwa mmoja. Msimamizi hataki kuona githeri kwenye ukuta wa maabara yake. Bado hatujaafikiana.